Kijiji kisichohesabiwa hakipati barabara

Katika mikutano yetu ya Oicha, msimu kwa msimu, neno moja linarudi: barabara. Kakao iko, mpunga uko, mawese yako, lakini njia ya kuvitosha shambani haiko. Tunasema ni Leta, tunasema ni vita, tunasema ni mvua. Yote hayo ni kweli. Lakini kuko jambo moja ambalo hatulisemi sana: hakuna mtu anayeweza kuonyesha kwenye karatasi kwamba nyuma ya njia hii kuko watu wangapi, wanalima nini, na wanatosha magunia mangapi. Kijiji ambacho hesabu yake haijulikani ni vigumu kukipatia barabara, hata kama yule anayetoa pesa ana roho nzuri.

Maoni yetu ni haya: koperative zetu zisingojee. Zianze zenyewe kuhesabu, kijiji kwa kijiji, tena zihesabu kwa namna mbili: mahali mtu analala, na mahali mtu analima. Hapa kwetu, tangu miaka kumi na zaidi, mahali hapo pawili si pamoja tena.

Hesabu ya mwisho ni ya 1984

Mara ya mwisho watu wote wa nchi yetu kuhesabiwa ilikuwa 1984, wakati nchi ilikuwa ingali inaitwa Zaire. Hesabu ile ilionyesha watu karibu milioni 30. Makadirio ya leo yanapita milioni 100, lakini ni makadirio tu. Mtoto aliyezaliwa 1985 leo ni mzee wa nyumba, ana watoto wakubwa, pengine ana wajukuu, na bado hajahesabiwa hata siku moja katika hesabu ya watu wote.

Ni kweli, kuko hesabu zingine. Watu wa uchaguzi wanaandika wenye umri wa kupiga kura, watoto hawamo. Zone ya afya ina hesabu yake juu ya chanjo na dawa. Makanisa yana hesabu ya waamini wao. Mashirika ya msaada yana orodha ya wale wanaopokea chakula. Shefu naye ana kaye yake. Kila mmoja amehesabu juu ya kazi yake. Ukiweka hizo karatasi zote mezani, hazipatani, na hakuna hata moja iliyoandikwa juu ya kazi ya barabara.

Mtu asifikiri hesabu ni mchezo wa watu wa biro. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya mamlaka ya mashinani inasema kwamba makao makuu ya teritwari ni komini, na kwamba makazi mengine yanaweza kupewa cheo cha komini yakiwa na watu angalau 20.000. Oicha ni makao makuu ya teritwari ya Beni, ndiyo maana leo ina komini yake. Vijiji vilivyo nyuma yetu, ndani ya misitu na mashamba, havina cheo kama hicho cha kuvisemea. Vyenyewe vinategemea hesabu, na hesabu haiko.

Namna wengine walifanya

Tutoe mfano wa mbali, juu ya kuona vile hesabu inaweza kuleta barabara. Desemba 2000, serikali ya India ilianzisha programu kubwa ya barabara za vijijini, inayoitwa Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Kanuni yake ilikuwa rahisi, hata mkulima asiyesoma sana aliweza kuielewa. Kwenye sehemu za tambarare, makazi yasiyo na barabara na yenye watu 500 au zaidi yana haki ya kupata barabara ya kupitika wakati wote. Kwenye milima, majangwa na sehemu za makabila ya msituni, kiwango kilishushwa mpaka watu 250. Hesabu iliyotumika ilikuwa ile ya watu wote ya 2001. Kwa kanuni hiyo zilijengwa mamia ya maelfu ya kilometa.

Kuko mambo mawili ya kujifunza pale. La kwanza, mtu wa kijijini alijua anapimwa na nini. Hakuhitaji kuwa na mtoto wa ndugu katika wizara. Alihitaji kuonyesha kwamba kijiji chake kina watu 500. La pili, waliona haraka kwamba kijiji kidogo chenye watu 300 kinaachwa nyuma, hata kama kingine chenye watu 300 kiko palepale karibu. Basi wakakubali makazi yaliyo karibukaribu yahesabiwe pamoja kama moja. Sisi vijiji vyetu viko vile vile, nyumba kumi hapa, nyumba ishirini kule, kila kimoja na shefu wake. Kila kimoja kikienda peke yake kuomba barabara, kinaonekana kidogo. Vikihesabiwa pamoja kwenye njia moja, vinaonekana.

Hata duniani kote kuko kipimo kimoja kinachojulikana: kwa kila watu mia wa mashambani, wangapi wanaishi ndani ya kilometa 2 toka barabara inayopitika mwaka mzima? Angalia vizuri kipimo hicho. Kina vitu viwili: barabara na watu. Ukiwa hujui watu wako wapi, huwezi kukipima. Na kilometa 2 ni mwendo wa mama mwenye mzigo kichwani, si mwendo wa gari.

Watu wamehama, mashamba hayakuhama

Sasa turudi Oicha, maana hapa hesabu ni ngumu kuliko India. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika teritwari ya Beni yamesukuma watu toka vijijini. Waliotoka upande wa Eringeti, upande wa Mbau na njia ya Kamango, upande wa magharibi kwenye njia ya Mamove, wengi walikimbilia Oicha, wengine Beni, wengine Butembo. Wengine wamerudi, wakakimbia tena. Kuko familia ambazo zimehama mara nyingi kuliko vile watoto wao wamebadilisha darasa.

Mtu akija leo kuhesabu usiku, atakuta Oicha imejaa. Nyumba ya vyumba viwili ina familia tatu. Atasema: hapa ni mji, walete maji, walete masomo, walete chakula. Ni sawa. Lakini akienda kwenye vijiji vyenyewe usiku uleule, atakuta milango imefungwa. Ataandika: hapa hakuna watu. Akifika biro, atatoa njia ile kwenye orodha, maana nani atatengeneza barabara ya kwenda mahali pasipo na watu?

Hapo ndipo hatari iko. Watu wamehama, mashamba hayakuhama. Kakao ni mti, haubebwi kichwani pamoja na godoro. Mwenye shamba analala Oicha, lakini asubuhi, siku ambayo habari ni nzuri, anaenda kuvuna, na jioni anarudi. Kwa karatasi ya usiku yeye ni mkimbizi asiye na shamba. Kwa karatasi ya mchana shamba lake halina mwenyewe. Pande zote mbili amepotea. Na njia isipopita mtu wala kutengenezwa, mvua inaikata, daraja la miti linaoza, majani yanaifunika. Siku usalama ukirudi, mtu huyo hatakuwa na njia ya kurudi nayo. Vita itakuwa imeisha, lakini kijiji hakitaamka.

Ndiyo maana tunasema mtu ahesabiwe kwa namna mbili. Kumhesabu mahali analala kunamsaidia kula leo. Kumhesabu mahali analima kunalinda njia yake ya kesho.

Barabara kubwa haitoshi

Wengine watasema: lakini barabara zinajengwa. Ni kweli, na tunashukuru. Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walizindua pamoja kazi ya barabara kutoka Kasindi mpaka Beni, kilometa 80, na kutoka Beni mpaka Butembo, kilometa 54. Kasindi ndio mlango wetu wa kutosha kakao na kahawa kwenda Uganda na ng'ambo. Njia ile ikiwa nzuri, bei inaweza kupanda hata kwa mkulima wa huku.

Lakini tuangalie ramani. Oicha iko kaskazini ya Beni, karibu kilometa 30, kwenye barabara ya taifa namba 4, ileile inayotoka Kisangani, inapita Komanda na Eringeti, inashuka mpaka Beni na Kasindi. Tena gunia letu halizaliwi kando ya barabara ya taifa. Linazaliwa ndani, kwenye kijia, ngambo ya mto, nyuma ya kilima. Safari yake ya kwanza ni kichwani, ya pili ni kwa kinga au pikipiki, na paka mwishoni ndipo linakutana na kamio. Zile kilometa chache za kwanza mara nyingi ndizo zinakula pesa kuliko zingine zote, na hakuna rais anayekuja kuzizindua.

Hasara yenyewe tunaijua. Muhogo uliong'olewa hauvumilii, ndani ya siku mbili au tatu unaanza kuharibika. Ngazi zikikaa muda bila kukamuliwa, mawese yanakuwa na uchungu na bei inashuka. Kakao inahitaji siku tano mpaka saba za kuchachuka, kisha siku za jua za kukauka mpaka mbegu ilie ikivunjwa. Mkulima ambaye hana njia, tena anaogopa kulala shambani, hana siku hizo. Anauza kakao mbichi kwa mtu anayepita, kwa bei ya yule anayepita. Kilo mia moja za kakao mbichi zinatoa kilo 35 mpaka 40 tu za kakao kavu, kwa hiyo anayebeba mbichi anabeba maji kwa sehemu kubwa. Lakini akikausha kule ndani, anaogopa wezi. Yote hayo yanaitwa shida ya usalama na shida ya bei. Nusu yake ni shida ya barabara.

Hesabu ya aina gani

Hatuombi kazi ya maprofesa. Kaye moja kwa kila kijiji inatosha, na watu wawili au watatu wanaojulikana, mmoja awe mama, maana mama ndiye anajua nani analala katika nyumba na nani anabeba nini. Tunapendekeza mambo matano ya kuandika. Kwanza, nyumba ngapi na watu wangapi wanaolala hapo sasa, pamoja na watoto. Pili, familia ngapi zina mashamba hapo lakini zinalala mahali pengine, na ni wapi. Tatu, mavuno ya msimu: magunia ya kakao, kahawa, mpunga, mitungi ya mawese. Nne, mzigo unatoka kwa nini: kichwa, kinga, pikipiki, gari, na franka ngapi kwa gunia moja mpaka barabara kubwa. Tano, mahali njia inakatika: daraja gani, tope gani, miezi gani.

Angalia vile hesabu inaweza kusema. Tuseme njia moja inahudumia memba 80, na kila mmoja anatosha magunia matatu ya kakao kavu kwa msimu, gunia moja kilo 60. Hayo ni magunia 240, tani 14 na zaidi kidogo. Pikipiki ikibeba magunia mawili, ni safari 120. Kamio ya tani tano ingemaliza kazi kwa safari tatu. Sasa chukua bei ya safari moja ya pikipiki kwenu, zidisha mara 120, kisha chukua bei ya kamio, zidisha mara tatu. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo pesa ambayo daraja lililovunjika linatunyang'anya kila msimu. Mtu akiuliza kwa nini daraja litengenezwe, hatutamjibu kwa kulia. Tutamwonyesha karatasi.

Hofu zetu, na namna ya kuzijibu

Tunajua wengi watasita, na wana sababu.

Hofu ya kwanza ni majina. Katika sehemu yetu, orodha ya majina si kitu cha mchezo. Ikianguka katika mikono mibaya, inaonyesha nani ana kakao na shamba lake liko wapi. Kwa hiyo tunasema wazi: hesabu hii isiwe na majina. Kila nyumba ipewe namba. Kisiandikwe kamwe siku watu wanaenda shambani, wala njia wanayopita, wala mahali mavuno yanawekwa. Karatasi inayotoka kijijini iwe na jumla tu. Na mahali ambapo hakufikiki, pasifikiwe. Hakuna hesabu yenye thamani ya mtu mmoja. Wenye mashamba ya kule wanaweza kuulizwa palepale Oicha wanapolala.

Hofu ya pili ni kodi. Watu watasema: tukionyesha magunia, kesho bariere zitaongezeka. Hatuwezi kuahidi kwamba hakuna atakayejaribu. Lakini tayari tunalipa, njia kwa njia, na tunalipa kila mtu peke yake bila kujua jumla. Koperative inayojua memba wake walilipa kiasi gani kwa msimu mzima, na mahali gani, inaweza kwenda kuuliza kwa utulivu: pesa hii ni ya nini, na risiti iko wapi? Asiye na hesabu hawezi hata kuuliza.

Hofu ya tatu tuiseme bila kuficha, maana hata jarida hili linatoka kwa shirika la msaada. Watu wakisikia neno kuhesabu, wanafikiri kuko kitu kitagawanywa. Basi nyumba ya watu sita inakuwa ya watu kumi. Tuwaambie memba tangu mwanzo: hapa hakuna mafuta, hakuna unga, hakuna bashi. Kuko barabara, na barabara haigawanywi kwa kichwa. Tena hesabu iliyoongezwa inaharibu kazi yenyewe, maana mhandisi akija siku moja akahesabu milango, hatatuamini tena, na njia ya jirani mkweli itapita mbele.

Karatasi hiyo iende wapi

Hesabu ikikaa ndani ya kaye, haijengi kitu. Itoke kijijini ipite kwa shefu, iende kwenye grupema na sekta ya Beni-Mbau, ifike teritwari na komini. Barabara za kilimo zina ofisi yake ya Leta, OVDA. Kuko FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, ulioundwa 2008, ambao unapata pesa zake kwenye esanse na mazutu na kwenye peaje. Kila pikipiki inayobeba gunia letu inachangia mfuko huo kwa kila litre. Kuko pia programu ya maendeleo ya teritwari 145, ambayo ndani yake mna barabara za kilimo. Milango iko. Tunachokosa ni kuingia nayo tukiwa na karatasi mkononi, koperative tano au kumi kwa barua moja, badala ya kila mmoja na malalamiko yake.

Na kuko faida ambayo haingojei mtu yeyote. Koperative ikijua magunia mangapi yako kwenye njia moja, inaweza kupanga kamio moja kwa siku moja badala ya kila memba kubembeleza pikipiki yake. Inaweza kupanga salongo kwa haki: njia ambayo inahudumia familia nyingi ifunguliwe kwanza, na wenye mashamba wanaolala Oicha nao wachangie siku zao za kazi, kwa sababu ni njia yao pia. Wazee wanakumbuka wakati wa kantonye, ambapo kila kipande cha barabara kilikuwa na mtu wake wa kukata majani na kuzibua mifereji. Kipande kilikuwa na mwenyewe. Leo vipande vingi havina, na kazi ndogo ya jembe iliyoachwa mwaka mmoja inakuwa kazi ya mashini mwaka wa pili.

Hatusemi hesabu italeta usalama. Wanaoua hawasomi kaye zetu, na barabara nzuri peke yake haizuii risasi. Wala hatusemi Leta iachiwe mzigo wake. Hesabu ya watu wote wa nchi ni kazi ya Leta na tunaendelea kuidai. Tunasema tu kwamba kijiji kilichoandikwa tupu kitatendewa kama tupu, na hatukubali vijiji vyetu viandikwe tupu wakati kakao inaiva kule ndani kila msimu na wenyewe wako hai, hapa Oicha, wakingoja njia.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative iweke jambo hili katika mkutano wake unaokuja. Chagueni kijiji kimoja, njia moja, watu watatu na kaye moja. Anzeni na kile kilicho karibu. Kabla ya msimu mkubwa wa kakao, leteni jumla zenu, bila majina, tuziweke pamoja kwenye karatasi moja ya njia zote zinazoingia Oicha. Tukiwa nayo, tutaenda nayo pamoja.